Kabla ya Kumpandisha Tena Mbwa Aliyezaa kwa Upasuaji

Mbwa jike aliyezaa kwa upasuaji huingia tena kwenye joto baada ya miezi kadhaa, na kwa kawaida wakati huo nyuzi zimekwisha kutolewa, manyoya yamelifunika kovu, watoto wamekwisha kwenda kwa wenyewe, na mwenye mbwa ameanza kuulizwa na jamaa na wateja ni lini jike huyo atapandishwa tena. Swali hilo hujibiwa haraka kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa aliyepasuliwa mara moja hana budi kupasuliwa kila anapobeba mimba, na wapo, tena ni wengi zaidi, wanaoona kwamba maadamu mnyama amepona, anakula na anabweka kama zamani, hakuna kinachozuia apandishwe. Kasoro ya majibu hayo mawili ni moja: yote yanalitazama kovu, wala hayaitazami sababu iliyomfikisha mbwa huyo kwenye meza ya upasuaji.

Jibu la kwanza lina asili inayojulikana, na asili hiyo haiko kwa mbwa. Mwaka 1916 daktari wa uzazi wa New York aliyeitwa Edwin Cragin aliandika kwamba mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji atajifungua hivyo daima, naye aliyasema hayo katika zama ambazo tumbo la uzazi la mwanamke lilikatwa kwa mpasuko mrefu wa wima, kwenye sehemu ya juu ambayo ndiyo hujikaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kauli hiyo ilienea, ikavuka mipaka ya taaluma yake, na leo hurudiwa hata na wafugaji wasiojua ilikotoka. Tiba ya wanadamu yenyewe imekwisha kuilegeza kwa kiasi kikubwa, na kwa mbwa ilikuwa haifai tangu mwanzo, kwa sababu maumbile ya uzazi ya mbwa ni mengine.

Mfuko wa uzazi wa mbwa una umbo la herufi Y. Karibu na mlango wa kizazi kuna kiwiliwili kifupi, na kutoka hapo hutokea mikono miwili mirefu inayokwenda mbele, kila mmoja upande wake, hadi karibu na figo. Watoto hujipanga ndani ya mikono hiyo kama maharage ndani ya ganda, kila mmoja akiwa na kondo lake. Katika upasuaji, daktari hufungua tumbo kwenye mstari wa katikati kuanzia jirani na kitovu kwenda nyuma, huitoa mikono yote miwili nje na kuizungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, kisha hukata mpasuko mmoja, mara nyingi kwenye kile kiwiliwili, na kuwasukuma watoto mmoja baada ya mwingine kuelekea kwenye mpasuko huo kwa kuminya taratibu kutoka nyuma yao. Kila mtoto hutoka amevikwa utando wake. Daktari huuchana, hubana kitovu, humpa msaidizi, naye msaidizi humsugua kwa taulo kavu mpaka alie. Mfuko hushonwa kwa uzi unaoyeyuka mwilini, na kwa kuwa mpasuko ni mfupi na mahali pake pana damu nyingi, mara nyingi hupona vizuri.

Neno hilo la "mara nyingi" lisipitwe upesi. Hali halisi ya mshono huonekana tu tumbo linapofunguliwa mara ya pili, na kinachokutwa huweza kuwa mstari mweupe usiosumbua mtu, au huweza kuwa utando wa mafuta unaofunika utumbo, ambao sasa umenatana na mfuko wa uzazi kiasi kwamba daktari hulazimika kuutenganisha kwa subira kabla ya kuwafikia watoto ambao kila dakika yao ina thamani. Kovu huweza pia kuwa jembamba, na ingawa mfuko kupasuka mahali pa kovu katika mimba inayofuata ni jambo la nadra, halihesabiwi kuwa muhali. Kwa hiyo kila upasuaji hupunguza kidogo usalama wa ule utakaofuata. Hilo ni tofauti na kusema kwamba upasuaji mmoja hufunga njia ya kuzaa kwa kawaida, jambo ambalo si kweli, kwani majike wengi waliopasuliwa mara moja kwa sababu isiyojirudia wamezaa baadaye bila msaada wa kisu.

Kila kitu, basi, kinategemea sababu. Madaktari wa mifugo huliita tatizo la kushindwa kuzaa kwa jina la distokia, nao huligawa kufuatana na kinachokwamisha: ama mama, ama mtoto, ama wote wawili. Upande wa mtoto, sababu nyingi ni za mkasa wa siku ile. Mtoto wa mbwa huweza kutoka akitanguliza kichwa au akitanguliza miguu ya nyuma, na njia zote mbili ni za kawaida, kwa kuwa karibu watoto 40 kati ya 100 hutanguliza miguu ya nyuma. Lakini akija kwa matako huku miguu imekunjwa chini ya tumbo, au akilala kikingamo, au shingo ikijipinda kando, hunasa na kuwazibia njia wenzake. Mimba ijayo haina sababu ya kurudia mkao huo. Hali kadhalika mtoto aliyevimba maji mwili mzima, au aliyekufa siku kadhaa kabla ya uchungu, kwa kawaida hasemi lolote kuhusu njia ya uzazi ya mama yake, ingawa kasoro ya namna hiyo ikijitokeza tena kwa dume yuleyule ni dalili kwamba wawili hao hawapaswi kukutanishwa mara ya tatu.

Sababu inayowachanganya wafugaji kuliko zote ni ile ya mtoto mmoja. Uchungu wa mbwa haupangwi na mama peke yake. Watoto wanapokomaa na kubanwa na nafasi, miili yao hutoa homoni ya msongo, na homoni hiyo huanzisha mfululizo wa mabadiliko yanayoishia kwa kushuka kwa projesteroni, yaani homoni inayoushikilia mfuko wa uzazi utulie wakati wa mimba. Watoto sita hupiga kelele ya kutosha. Mtoto mmoja ana nafasi tele, huendelea kunenepa, na ishara yake huweza kuwa hafifu mno kuuamsha mfuko, hivyo siku hupita, kondo huchoka, na upasuaji huwa ndiyo njia pekee ya kumpata akiwa hai. Jike wa namna hiyo akipandishwa tena kwa wakati sahihi na kubeba watoto watano au sita, huweza kuzaa mwenyewe usiku mmoja bila kumwamsha mtu. Lakini ni lazima kwanza ichunguzwe kwa nini alibeba mmoja: je, alipandishwa siku isiyofaa, dume lilikuwa na mbegu dhaifu, au mfuko wenyewe una ugonjwa?

Upande wa mama mambo ni mazito zaidi. Nyonga iliyovunjika kwa kugongwa na gari au pikipiki na kuunga vibaya haitapanuka, wala hakuna lishe au mazoezi yatakayoinyoosha. Jike huyo akibeba tena atapasuliwa tena, na anayempandisha anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Kuna pia ulegevu wa mfuko wa uzazi, ambao una sura mbili. Ulegevu wa baadaye ni uchovu: mfuko umejikaza kwa saa nyingi dhidi ya mtoto aliyenasa, ukaishiwa nguvu, na hapo lawama inamwangukia aliyenasa. Ulegevu wa awali ni ule ambao mfuko haukujikaza kabisa, au ulijikaza kidogo na kuacha, ilhali njia iko wazi na watoto wamelala sawasawa. Wakati mwingine sababu yake ni uzao mkubwa mno ulioinyoosha misuli kupita kiasi, unene, umri, au upungufu wa kalsiamu katika damu. Wakati mwingine ni hulka ya ukoo. Pale ambapo mama, dada na shangazi wa jike huyo wote walipasuliwa kwa sababu hiyohiyo, mfugaji hana tena tatizo la mbwa mmoja. Ana tatizo la damu, na kila binti anayemuuza akiwa mzima anakwenda nalo kwa mnunuzi.

Mfano wa tatizo la damu lililoachwa likue mpaka likawa umbo la mbwa mwenyewe ni bulldog wa Kiingereza. Mbwa huyo alikuwa mnyama wa mapambano na mafahali mpaka mchezo huo ulipopigwa marufuku Uingereza mwaka 1835, na baadaye, maonyesho ya mbwa yalipoanza na klabu ya taifa ya mbwa wa asili safi, Kennel Club, ilipoundwa mwaka 1873, akawa mnyama wa kutazamwa. Waliomfuga walichagua kichwa kikubwa zaidi, mabega mapana zaidi na nyonga nyembamba, kizazi baada ya kizazi, mpaka kichwa cha mtoto na mlango anaotakiwa kupitia vikaacha kulingana. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010, ukichambua uzazi wa zaidi ya mara 22,000 wa mbwa wa aina 151, ulionyesha kwamba asilimia 86.1 ya uzao wa bulldog ilitolewa kwa upasuaji. Kwa bulldog wa Kifaransa ilikuwa asilimia 81.3, na kwa Boston terrier asilimia 92.3. Kwa mbwa wa aina hizo upasuaji umegeuka kuwa njia ya kawaida ya kuzaliwa, na mfugaji anayeuliza kama jike wake atapasuliwa tena anauliza jambo ambalo jibu lake limo katika umbo la mnyama aliyemnunua.

Zaidi ya hayo, pua fupi ya mbwa hao humaanisha njia ya hewa iliyobanwa, na njia ya hewa iliyobanwa humaanisha dawa ya usingizi yenye hatari kubwa zaidi, hasa wakati wa kuamka, mnyama anapoondolewa mrija kooni. Mbwa wa pua fupi wameanza kupendwa pia Nairobi na Dar es Salaam, na picha zao hupendeza sana mtandaoni. Wanaowanunua ni vyema wajue kwamba wananunua na upasuaji ndani yake.

Uingereza ilijibu hali hiyo kwa kuhesabu. Kuanzia mwaka 2012, Kennel Club iliacha kuandikisha watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili, na kanuni za leseni za ufugaji zilizoanza kutumika England mwezi Oktoba 2018 zinamkataza mfugaji mwenye leseni kumpandisha jike ambaye amezaa kwa upasuaji mara mbili, aliye chini ya umri wa miezi 12, au aliyekwisha kuzaa mara sita; tena jike haruhusiwi kuzaa zaidi ya mara moja katika miezi 12. Namba mbili si siri ya kibaiolojia, kwa maana hakuna kinachobadilika ghafla mwilini kati ya upasuaji wa pili na wa tatu, bali ni mstari uliochorwa mahali ambapo hatari zinaanza kurundikana na udhuru wa mkasa unaanza kuisha. Mara ya kwanza huweza kuwa bahati mbaya; mara ya pili ni taarifa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama zinakataza kwa ujumla kumtesa mnyama bila sababu, na mfugaji wa Afrika Mashariki hapotezi kitu akiuchukua mstari huo wa mara mbili kuwa wake kwa hiari.

Suala la muda wa kusubiri lina ubishi wake. Baada ya kuzaa, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi wa mbwa huhitaji takriban wiki 12 kurudi katika hali yake, na kunyonyesha, ambako katika wiki ya tatu na ya nne humlazimu jike kula mara mbili hadi tatu ya chakula chake cha kawaida, humwacha amekonda na pengine ana upungufu wa damu. Kwa hesabu hiyo joto la kwanza baada ya upasuaji, likija miezi kadhaa baadaye, kwa kawaida linakuta mfuko umekwisha kupona. Baadhi ya wataalamu wa uzazi wa mbwa huongeza kwamba kila joto linalopita bila mimba nalo huuweka ukuta huo chini ya projesteroni kwa miezi miwili, na kwamba kuruka joto baada ya joto si mapumziko kama wengi wanavyodhani. Hoja hiyo ina uzito kwa jike aliyezaa kwa kawaida na kurudisha mwili wake. Kwa aliyepasuliwa, misuli na ngozi ya tumbo navyo vinahitaji muda, na kuruka joto moja ni tahadhari isiyogharimu kitu, isipokuwa subira ya mwenye mbwa. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, ameondolewa ubishi huu na maumbile yake, kwani kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka.

Umri unahukumu kwa ukali zaidi kuliko kovu. Jike wa miaka mitatu aliyepasuliwa kwa ajili ya mtoto aliyelala kikingamo ana nafasi nzuri. Jike wa miaka saba aliyepasuliwa kwa sababu mfuko haukujikaza amekwisha kusema neno lake, na kumpandisha tena ni kumsikiliza mteja badala ya mbwa.

Ikiwa baada ya kupima yote hayo uamuzi ni kumpandisha, maandalizi huanza kabla ya dume kuletwa. Siku ya kupandwa haitoshi kuhesabia mimba, kwa sababu mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike kwa siku kadhaa zikisubiri mayai, hivyo tangu kupandwa hadi kuzaa huweza kupita siku 57 au hata 72. Anayepima projesteroni katika damu wakati wa joto huijua siku mayai yalipotoka, na kutoka siku hiyo uzazi huangukia karibu na siku ya 63. Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Kwa jike ambaye atapasuliwa kwa miadi, watoto wakitolewa siku mbili tatu mapema mapafu yao huwa hayajakomaa, nao hufa mmoja mmoja ndani ya saa chache wakihema kwa shida, ilhali upasuaji wenyewe umekwenda salama. Picha ya eksirei baada ya siku ya 55 huonyesha idadi ya mafuvu na uti wa mgongo, na idadi hiyo ndiyo inayomwambia mwenye mbwa kama watoto wote wametoka au kuna aliyebaki.

Kwa jike anayejaribiwa kuzaa mwenyewe, kipimajoto cha bei ndogo na daftari ni vyombo vya thamani kubwa. Joto la mwili hupimwa nyumani mwake asubuhi na jioni kuanzia wiki ya mwisho, na likishuka chini ya nyuzi 37 za Selsiasi, uchungu kwa kawaida hufuata ndani ya saa 24. Zikipita bila uchungu, hiyo ni sababu ya kumwita daktari. Sababu nyingine ni kusukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, kupita kwa saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali wengine bado wamo, na uchafu wa kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza, maana rangi hiyo hutoka kwenye kingo za kondo na huonyesha kwamba kondo limeanza kubanduka.

Oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, hupatikana bila shida katika maduka mengi ya dawa za mifugo, na huchomwa na watu wasiojua kama njia iko wazi. Kwa mbwa mwenye kovu na mtoto aliyenasa, dawa hiyo huukaza mfuko dhidi ya ukuta usiofunguka, na kinachopasuka ni mfuko. Kalsiamu inayotolewa mfululizo wakati wa mimba kwa nia njema nayo hudhuru, kwa kuwa huzizoesha vibaya tezi zinazodhibiti madini hayo, hata zikashindwa kufanya kazi siku yanapohitajika.

Hapo ndipo swali la mahali linapoingia, na kwa wasomaji wengi ndilo linalopaswa kuamua. Hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na za kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na kliniki za wanyama wadogo katika miji mikubwa, zina watu wanaoweza kumfungua mbwa na kumfunga. Afisa mifugo wa kata, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, huenda hana dawa ya usingizi inayofaa wala taa ya kufanyia kazi saa nane za usiku. Anayeishi umbali wa saa tano kutoka kwenye meza ya upasuaji, na ambaye jike wake alipasuliwa safari ya kwanza kwa sababu inayoweza kujirudia, anampandisha mbwa huyo akijua kwamba safari ya pili itaanza usiku, barabarani, ndani ya gari la kukodi.

Yapo pia yanayofuata upasuaji. Jike hulala bila watoto na kuamka nao, bila kupitia hatua za kuwalamba na kuwatoa utando ambazo kwa kawaida humfunga nao, na baadhi huwakimbia, huwalalia au huwauma katika saa za kwanza. Yule ambaye mara ya kwanza alikataa watoto wake, mwenye mbwa akakesha siku kumi na nne akiwanyonyesha kwa chupa kila saa mbili, hana ahadi ya kubadilika, na gharama ya usiku zile huwa haiandikwi popote watu wanapokokotoa faida.

Asiyepandishwa tena naye asiachwe vilevile. Jike asiyehasiwa hukabiliwa na usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa unaojitokeza wiki chache baada ya joto na ambao, kwa takwimu za bima za mbwa nchini Sweden, uliwapata karibu robo ya majike kabla ya umri wa miaka kumi. Kwa hiyo uamuzi wa kutompandisha hukamilika kwa kumhasi, na mara nyingine jambo hilo hufanyika katika upasuaji uleule wa kutoa watoto, ambapo mfuko huondolewa pamoja na ovari na jike akaendelea kunyonyesha bila shida, kwa sababu maziwa hayategemei viungo hivyo.

Hukumu yote hii inahitaji ushahidi, na ushahidi huandikwa usiku mmoja tu. Mwenye mbwa anayetoka kliniki na jike aliyeshonwa na boksi la watoto wanaolia amwombe daktari amwandikie karatasi yenye mambo manne: nini kilikwamisha uzazi, mtoto aliyekwamisha alilala vipi na alikuwa na uzito gani, mfuko ulikatwa wapi, na hali yake ilikuwaje ulipofungwa. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na cheti cha chanjo.